Oili ya Giaboksi ya Pikapu: Umwage, Upeleke kwenye Mashine, au Uiache?

Ukiishi Minneapolis au Saint Paul na familia yako inategemea pikapu, kuna swali litakufikia tu, hata kama hujawahi kufungua boneti. Mara nyingi litatoka kwa kijana wa kituo cha kubadili oili ya injini, anakuja dirishani na kitambaa chenye doa la rangi ya kahawa: "Oili ya giaboksi imechoka, tukufanyie flashi leo?" Ukimpigia shemeji, atakwambia usithubutu, flashi ndiyo iliyoua gari la fulani. Ukiuliza kwa muuzaji wa magari, huenda ukaambiwa oili hiyo ni ya maisha yote na haiguswi. Watu watatu wana majibu matatu, na kila mmoja anaongea kwa uhakika kama aliyeitengeneza giaboksi mwenyewe.

Mimi ni nesi, si fundi. Ila nyumbani kwetu kuna Ford F-150 ya mwaka 2013 tuliyoinunua ikiwa na maili 118,000 na bila karatasi hata moja ya kuonyesha ilihudumiwaje. Baba watoto anaitumia kuvuta trela la mashine za kukatia nyasi wakati wa joto, na mizigo ya watu wanaohama nyumba wakati wowote. Ikilala, kazi yake inalala. Nilipouliza kuunda upya giaboksi kunagharimu kiasi gani, ili tu tujue tunachezea nini, bei ya chini niliyotajiwa ilikuwa dola 4,000. Kwangu hizo ni zamu nyingi za usiku. Kwa hiyo kabla ya kumjibu yule kijana wa dirishani, tulikaa wiki mbili tukisoma kitabu cha gari na kuwauliza watu wanaolala chini ya magari kila siku. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na kazi ya oili yenyewe. Katika gari la gia za otomatiki, oili hii ndiyo inayohamisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kupitia tokikonveta, lile dude la duara lililo katikati yao. Ndiyo inayosukuma sahani za klachi zibanane gia inapobadilika, ndiyo inayolainisha meno, na ndiyo inayobeba joto kulipeleka kwenye kipoza oili kilicho mbele karibu na radieta. Haichanganyiki na masizi ya mafuta kama oili ya injini, na ndiyo sababu inadumu muda mrefu zaidi. Adui yake ni joto. Na joto linatokana na kuvuta trela, kupanda na mzigo, kukwama kwenye theluji huku unarudisha nyuma na kwenda mbele mara ishirini, na foleni ya I-94 saa kumi na moja jioni.

Rangi nyekundu ni ya kutiwa tu, ili ukiona tone chini ya gari ujue si oili ya injini. Kwa hiyo rangi kuwa nyeusi kidogo si ugonjwa peke yake. Harufu inasema zaidi: oili iliyoungua inanuka kama mkate uliosahauliwa kwenye moto, na ukishaisikia mara moja huisahau. (Zamani oili hii ilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike bila kukwaruza, na Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vilihangaika kutafuta mbadala. Habari hiyo haikusaidii kuamua chochote, lakini mwanangu wa darasa la nne ameshaisimulia shule nzima.)

Sasa hilo neno "maisha yote". Fungua kitabu cha gari lako, usisikilize mtu. Cha F-150 yetu kinasema oili ya giaboksi ibadilishwe kila maili 150,000 kwa matumizi ya kawaida. Ukiishia hapo utafurahi na kufunga kitabu. Lakini mbele kidogo kuna ratiba ya matumizi mazito, na kwa anayevuta trela inasema kila maili 30,000. Ni gari lile lile, na tofauti ni mara tano! Wengi wetu tunaoendesha pikapu kwa kazi tuko kwenye ratiba ya pili, ila tunaisoma ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotufaa mfukoni.

Tukija kwenye njia zenyewe, kuna jambo moja ambalo likieleweka, ugomvi wote kati ya kijana wa dirishani na shemeji unapungua. Ukifungua sampu ya chini, oili yote haitoki. Nyingi inabaki ndani ya tokikonveta, kwenye kipoza oili na kwenye mabomba. Giaboksi yetu ya gia sita inachukua chupa 13 za oili (chupa ya hapa ni pungufu kidogo ya lita), lakini ukishusha sampu zinatoka kama tano. Zile nane zilizobaki ni oili ya zamani, na zitachanganyika na mpya dakika ile ile utakayowasha gari.

Hesabu yake ni rahisi. Ukimwaga na kujaza mara moja, karibu asilimia 62 ya oili iliyomo bado ni ya zamani. Ukiendesha muda kidogo kisha ukarudia, ya zamani inabaki asilimia 38. Mara ya tatu, asilimia 23. Umetumia chupa 15 na bado haijatoka yote, ila giaboksi imeipokea oili mpya polepole, na sampu umeiona kwa macho yako mara tatu.

Mashine inafanya kazi tofauti. Inaunganishwa kwenye mabomba ya kipoza oili, oili ya zamani inatoka upande mmoja na mpya inaingia upande wa pili mpaka inayotoka inakuwa nyekundu safi. Hapo karibu yote inabadilika kwa saa moja. Ubaya ni kwamba watu wanaita "flashi" vitu viwili visivyofanana. Kuna mashine inayoiacha pampu ya giaboksi yenyewe isukume oili kwa nguvu yake ya kawaida, na yenyewe inapokea na kurudisha tu. Na kuna huduma ambayo wanasukuma kwa presha ya nje, mara nyingine wakiwa wametia kwanza dawa ya kusafishia ndani. Ya kwanza sina ugomvi nayo. Ya pili sikuiruhusu kwenye gari letu na sitairuhusu, kwa sababu uchafu uliokuwa umetulia kwenye kona unaweza kung'olewa ukapelekwa kwenye vijitundu vyembamba vya vali, na hakuna atakayekuja kuusaka huko. Kabla ya kukubali, uliza waziwazi: mashine yenu inatumia pampu ya gari au presha yake? Mnatia dawa yoyote? Filta mnabadilisha? Akibabaika kwenye maswali haya matatu, mshukuru, mwambie upepo wa vioo unatosha.

Je, flashi inaua giaboksi, kama shemeji anavyosema? Mafundi niliowauliza hawakukubaliana. Maelezo niliyoyaona yana mantiki ni haya. Mtu anaendesha maili 150,000 bila kugusa oili. Siku gari linapoanza kuteleza, injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, ndipo anakimbilia kubadili oili akitumaini litapona. Klachi zimeshaliwa. Oili mpya haina uwezo wa kurudisha sahani iliyokwisha, na yale makombo ya klachi yaliyokuwa yakielea kwenye oili ya zamani, ambayo huenda yalikuwa yanasaidia kushika kidogo, yameondoka nayo. Baada ya wiki mbili gari halisogei, na lawama zinakwenda kwa flashi. Kazini tunakutana na hadithi za namna hii kila siku: mgonjwa aliletwa hospitali dakika ya mwisho, na familia inasema hospitali ndiyo iliyomuua.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hali ya giaboksi leo, na njia inafuata baadaye. Ikiwa inateleza, ikiwa inachukua sekunde mbili tatu kuingia gia ukitoka kwenye P, ikiwa inatetemeka mwendo wa katikati kama gari linapita juu ya matuta madogo, usinunue huduma ya oili kwenye kituo cha haraka. Mpeleke kwa fundi wa giaboksi aliyebobea, aipime na kompyuta kwanza.

Na kabla hujalipa hata senti, angalia kama kampuni ina deni kwako. Mwaka 2019 Ford iliziita F-150 za 2011 hadi 2013 zenye gia sita, karibu milioni moja na nusu Amerika Kaskazini, kwa sababu giaboksi iliweza kushuka ghafla hadi gia ya kwanza gari likiwa kwenye mwendo. Mwaka 2024 ikaongeza zaidi ya 550,000 za mwaka 2014 kwa tatizo hilo hilo. Chanzo ni ishara ya kipima mwendo kupotea njiani kabla haijafika kwenye kompyuta, na oili haihusiki kabisa. Marekebisho ni bure. Nenda kwenye tovuti ya NHTSA, ingiza namba ya chasi yenye herufi na tarakimu 17 iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, utajua ndani ya dakika moja. Fanya hivyo kwa gari lolote, si Ford tu. Wengi wetu tunanunua magari mkononi mwa mtu, barua za kampuni zinakwenda kwa mwenye gari wa zamani, na sisi hatujui kitu.

Gari letu halikuwa na dalili hizo. Oili ilikuwa nyeusi nyeusi, haikunuka kuungua. Hapo tukawa na njia mbili za kweli: mashine ya presha ya gari lenyewe, au kushusha sampu na kurudia. Nilielekea kwenye mashine, nakiri, maana napenda jambo likiisha siku moja. Aliyenibadilisha mawazo ni fundi mmoja wa kutoka Mombasa anayefanya kazi upande wa Brooklyn Park. Nilimwuliza kama angenihakikishia kwamba giaboksi itakuwa salama baada ya flashi. Akaniambia, "Dada yangu, mimi siwezi kukupa hakikisho la giaboksi ambayo sijaona sampu yake." Basi.

Maneno yale yaliniingia kwa sababu ndivyo tunavyofanya wodini. Hatuanzishi dawa kabla ya kuangalia vipimo. Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo zinazonasa vumbi la chuma. Ukikuta ute wa kijivu laini kama wanja, hiyo ni kuchakaa kwa kawaida. Ukikuta vipande vinavyokwaruza vidole, au makombo meusi mengi ya klachi, umejua ukweli kabla hujanunua chupa kumi na tatu za oili. Mashine peke yake haikuonyeshi hayo, na filta ya zamani inabaki humo humo.

Sababu ya pili ni ya hapa hapa Minnesota, na sijaiona ikitajwa na watu wa majimbo ya joto: chumvi. Barabara zetu zinamwagiwa chumvi majira yote ya baridi, na mabomba ya chuma ya kipoza oili yanapata kutu kwenye maungio. Anayeunganisha mashine kwa kufungua maungio hayo kwenye gari la miaka kumi na zaidi anaweza kuyakata. Fundi alimulika tochi kwenye mabomba yetu akatikisa kichwa tu. Ukitaka njia hiyo, yakaguliwe kwanza, na mkubaliane mapema nani atalipa yakikatika. Boliti za sampu nazo zina kutu. Zinapuliziwa dawa ya kulegeza siku moja kabla, hazilazimishwi.

Sampu yetu ilishushwa mwezi wa Septemba, kukiwa bado na joto la kuweza kulala sakafuni. Kwenye sumaku kulikuwa na ute tu. Filta ikabadilishwa, oili ikajazwa, na mara ya pili tumeiweka kabla ya msimu wa nyasi. Ya tatu itafuata baada ya maili elfu kadhaa. Tulinunua wenyewe filta na oili, fundi tukamlipa mikono yake. Kugawa malipo mara tatu pia kulitufaa, nisijifanye kwamba ni uhandisi mtupu.

Ukitaka kuifanya kazi hii mwenyewe, inawezekana, ila kuna mahali pa kuwa makini. Gari liwekwe juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Oili itoke ikiwa vuguvugu, si ya moto wa kuunguza. Kisha pima ilichotoka. Nasisitiza hili kama nesi anayejaza karatasi ya maji yaliyoingia na yaliyotoka kila zamu: tumia chombo chenye alama, soma kiasi, andika, urudishe kiasi kile kile. Oili pungufu inafanya gia ziteleze. Ikizidi inatoa povu, na povu halisukumi kitu. Baada ya hapo ndipo unahakikisha kwa kipimo. Kwenye F-150 za miaka hii kijiti cha kupimia hakiko juu kwenye injini kama ulivyozoea. Ni kifupi, kimefungwa kwenye giaboksi yenyewe upande wa abiria, jirani na bomba la moshi, na kinasomwa injini ikiwaka na oili ikiwa imeshika joto lake. Vaa glovu ndefu. Pikapu nyingi za Toyota hazina kijiti kabisa; zina nati ya kufurikia, na kiwango kinasomwa katika joto maalumu lililoandikwa kwenye mwongozo. Kama huna namna ya kusoma joto hilo, mwachie fundi. Boliti za sampu ni ndogo na zinakazwa kidogo tu, kwa kuzungukia pembe kwa pembe.

Mikataba mingi ya nyumba za kupanga hapa inakataza kutengeneza gari kwenye maegesho, hivyo uliza kwanza usije ukakuta notisi mlangoni. Na ile oili iliyotoka usiimwage kwenye mfereji wa barabarani. Mifereji ile inakwenda moja kwa moja kwenye maziwa yetu na mto Mississippi bila kusafishwa popote. Maduka mengi ya vipuri yanaipokea, na Kaunti ya Hennepin ina vituo viwili vya wakazi, kimoja Brooklyn Park na kingine Bloomington.

Aina ya oili ndiyo sehemu ambayo sikubali mjadala. Giaboksi yetu inataka Mercon LV. Zile mpya za gia kumi za Ford zinataka Mercon ULV, nyepesi zaidi, na hazibadilishani. General Motors wana Dexron VI, Chrysler kwa miaka mingi ATF+4, Toyota WS. Chupa iliyoandikwa kwamba inafaa magari yote ni ya kusoma nyuma kwa makini, jina la oili yako liwepo, na hata hivyo mimi ningeongeza dola chache ninunue iliyotajwa kitabuni. Kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, wepesi wa oili unaonekana: ikiwa nzito, gia ya kwanza ya asubuhi inachelewa na gari linavuta kama limefungwa kamba. Hata oili sahihi inahitaji dakika chache, kwa hiyo maili mbili za mwanzo nenda taratibu.

Kama gari bado liko kwenye dhamana, usitishwe kwamba lazima huduma ifanyike kwa wakala. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 hairuhusu kampuni kukunyima dhamana kwa sababu tu oili ilibadilishwa kwingine au na wewe mwenyewe. Hata hivyo unatakiwa uweze kuonyesha kwamba ilibadilishwa, na kwa oili sahihi. Weka risiti na uandike maili. Sisi tuna daftari la mwanafunzi ndani ya kisanduku cha gari, ukurasa mmoja kwa kila kazi.

Wanafunzi wenye vigari vidogo msijione mmeachwa. Magari mengi ya Honda na Toyota ya otomatiki yana nati ya kumwagia chini, na kumwaga na kujaza ni kazi ya muda mfupi isiyohitaji kushusha sampu. Ila hakikisha kwanza kama gari lako lina gia za kawaida au ni la CVT, lile la mkanda, kwa sababu oili yake ni nyingine kabisa.

Hilo la CVT linanikumbusha simu ambazo wengi wetu tunapokea kutoka nyumbani: "Gari limegoma kuingia gia, tuma hela." Magari mengi yaliyotumika Japani yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa siku hizi ni ya CVT, na kwenye gereji za mtaani bado kuna kopo moja la haidroliki nyekundu linalotiwa kwenye kila gari. Kabla hujatuma, omba picha mbili kwenye WhatsApp: moja ya kijiti au ya ukurasa wa kitabu unaotaja aina ya oili, na nyingine ya chupa ambayo fundi ameishika mkononi. Mdogo wangu alikasirika nilipomwomba hivyo, akasema dada siku hizi umekuwa mzungu. Picha alizotuma zilikuwa na majina mawili tofauti ya oili. Fundi alirudisha lile kopo dukani, na safari hii nililipia ya CVT.